Daftari la Vyuma na Mizani ya Kahawa

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kando mambo ya Linux na simu mpya. Leo ni historia. Swali lenyewe linaonekana dogo: mtu anayepiga vyuma atajuaje kwamba ana nguvu kuliko mwezi uliopita? Vijana wengi watakujibu kwamba wameweka programu kwenye simu. Sawa. Mimi natengeneza programu, ndiyo kazi inayonilisha. Lakini ufundi wa kuweka kumbukumbu ya uzito ni wa zamani kuliko simu, na mfano mzuri wa kazi hiyo uko hapa kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Meru na Embu. Uko kwenye kahawa.

Enzi za ukoloni kahawa ilikuwa zao la walowezi, na Mwafrika alizuiwa kuilima. Ruhusa ilianza kutolewa miaka ya 1930, tena kwa maeneo machache tu: Kisii, Embu na Meru. Mwaka 1945 ikatungwa sheria mpya ya vyama vya ushirika iliyowafungulia Waafrika mlango, kisha Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaongeza wakulima wadogo kwa wingi.

Sasa angalia utaratibu wa kiwandani. Mkulima analeta kahawa mbivu, inawekwa kwenye mizani, karani anaandika namba ya mwanachama, tarehe na uzito. Mkulima anaondoka na risiti, kiwanda kinabaki na daftari. Malipo huja baada ya miezi, kwa hesabu ya kilo za msimu mzima. Asiye na karatasi ana maneno matupu. Mtu wa kompyuta ataitambua hiyo mara moja: ni hifadhidata yenye nakala mbili, na nakala moja iko mikononi mwa mwenye mali.

Mwaka huohuo wa 1945, mbali sana na mashamba yetu, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme alichapisha makala kuhusu askari aliokuwa akiwatibu katika hospitali ya Gardiner, Chicago. Walikuwa na miguu iliyodhoofika kwa majeraha. Badala ya mazoezi mepesi mengi, aliwapa uzito mkubwa na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu. Kipimo chake kilikuwa uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10, asiweze mara ya 11. Mwaka 1948, pamoja na Arthur Watkins, akapunguza kazi hadi seti 3 za mara 10: nusu ya kipimo hicho, robo tatu, halafu kipimo kamili. Kama kipimo chako ni kilo 40, basi unanyanyua 20, 30, kisha 40.

Unaona jambo hapo? Mpango huo hauwezi kufanya kazi bila kuandika. Usipojua ulinyanyua kiasi gani wiki iliyopita, huna cha kuongeza. Ama utazunguka palepale mwaka mzima, ama utaruka hatua na kuumiza mgongo.

Turudi nyumbani. Kuna vijana wanaojitengenezea vyuma kwa bomba na mikebe ya rangi iliyojazwa zege. Hiyo haina namba ubavuni, kwa hiyo kumbukumbu inaanza kwa kupima. Lita moja ya zege ina takriban kilo 2.4, hivyo mkebe wa lita 4 utakupa kama kilo 9 na nusu. Huna zege? Lita ya maji ni kilo moja: mtungi wa lita 20 uliojaa ni kilo 20 na uzito wa mtungi wenyewe. Njia bora zaidi ni kuomba dakika mbili kwenye mizani ya duka la nafaka, kisha kuandika uzito juu ya mkebe kwa rangi.

Na uandike kipimo chenyewe pia. Vyuma vingine vinavyotoka Marekani vina alama ya ratili. Sahani ya ratili 45 ni kilo 20.4, si 45! Ukichanganya hizo mbili kwenye daftari moja, daftari limeharibika.

Namba zikishaandikwa, hesabu ni rahisi. Kilo 40 mara 10 kwa seti 3 ni kilo 1,200 za kazi. Na ipo kanuni ya Boyd Epley, kocha wa Chuo Kikuu cha Nebraska, ya kukadiria uzito unaoweza kuunyanyua mara moja tu: gawa idadi ya marudio kwa 30, ongeza 1, zidisha kwa uzito. Kwa kilo 40 mara 10 unapata kama kilo 53, bila kujihatarisha kujaribu.

Hata Excel itakufanyia hayo. Lakini sikiliza hili. Google ilianzisha huduma ya Google Health mwaka 2008, watu wakaweka humo kumbukumbu za afya zao. Mwaka 2012 ikafungwa. Waliopewa muda wa kupakua na wakapakua, walibaki na kitu. Wengine walikosa. Kampuni ile ni kubwa kuliko kiwanda chochote cha kahawa, lakini mkulima mwenye risiti kwenye kopo la chai alikuwa salama zaidi kuliko hao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kikulima. Tumia programu yoyote unayoipenda, mradi ina njia ya kutoa data yako yote. Mara moja kwa mwezi itoe, uihifadhi kama maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila seti: tarehe, zoezi, kilo, marudio. Faili la namna hiyo litasomeka kwenye kompyuta yoyote, hata baada ya miaka 30. Na kama huna simu, daftari la shule na kalamu vinatosha kabisa. Andika palepale, kabla jasho halijakauka, kwa sababu karani wa kahawa hakusubiri kufika nyumbani ndipo akumbuke kilo.