Maneno ya Kiingereza ya hatari iliyofichika

Kiingereza kina kundi la maneno yanayotaja hatari isiyoonekana mapema au shida inayozuka kazi ikiwa imeshaanza. Yanayosikika zaidi ni "pitfall", "trap", "snag", "catch", "booby trap" na "stumbling block". Katika tafsiri za Kiswahili mara nyingi yote huishia kuwa tatizo, kikwazo au mtego, na tofauti zake hupotea. Karibu kila moja lilianza kama jina la kitu cha kushikika, na kitu hicho bado kinaongoza maana yake.

Shimo la mwindaji

"Pitfall" lilikuwa shimo lililofunikwa kwa matawi na majani ili mnyama atumbukie. Kiswahili kina jina lake halisi: rima. Katika matumizi ya leo mwindaji ametoweka. Anayeandika juu ya "pitfalls" za kukopa fedha hadai kwamba kuna mtu aliyekusudia kukudhuru. Anataja makosa ambayo wengi wameyafanya kwa kutojua, na ambayo aliyeonywa anaweza kuyaepuka. Ndiyo maana neno hili limejaa katika vitabu vya mafunzo.

"Trap" nalo limetoka kwa wawindaji, ila uzito wake uko kwingine: ugumu ni wa kutoka. Wachumi wanapozungumzia mtego wa umaskini, wanaeleza hali ambayo yenyewe humzuia mtu asiondoke humo.

Kisiki cha mtoni

"Snag" lina asili ya lugha za Skandinavia, likihusu ncha iliyochomoza. Mapema katika karne ya 19 mabaharia wa mito ya Marekani walilitumia kwa miti iliyoanguka majini, mizizi ikazama kwenye matope na shina likabaki limejificha chini kidogo ya uso wa maji. Meli za mvuke zilikuwa na matumbo ya mbao, na kisiki kimoja kilitosha kuizamisha meli. Mnamo Septemba 1856 meli iitwayo Arabia ilitobolewa hivyo katika mto Missouri, karibu na Kansas City. Abiria wote waliokolewa, lakini shehena ilizama. Mto ulihama njia yake, na mwaka 1988 mabaki ya meli yalianza kufukuliwa chini ya shamba.

Mapambano dhidi ya visiki hivyo yaliongozwa na Henry Shreve, ambaye mwaka 1829 alizindua Heliopolis, meli iliyoundwa kwa kazi ya kuving'oa. Mji wa Shreveport, Louisiana, una jina lake.

Siku hizi "snag" ni neno jepesi zaidi: shida ndogo inayokukwamisha njiani, isiyowekwa na mtu. Ukiiondoa, safari inaendelea.

Sharti lililofichwa

"Catch" linatokana na kitendo cha kunasa. Hutumika pale jambo linapoonekana zuri mno, kumbe ndani yake limo sharti ambalo halikutajwa. Mswahili angesema hapo kuna namna. Mwaka 1961 Joseph Heller alitoa riwaya Catch-22, juu ya wanajeshi wa anga wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Kanuni yenyewe ni hii: mwenye wazimu anaweza kuondolewa kwenye safari za vita akiomba, lakini anayeomba kwa kuhofia maisha yake amethibitisha kwamba ana akili timamu, kwa hiyo lazima aruke. Jina la awali lilikuwa Catch-18. Namba ilibadilishwa kwa sababu mwaka huohuo Leon Uris alikuwa na riwaya iitwayo Mila 18. Leo "Catch-22" ni jina la kila kanuni inayofunga mlango inaouonyesha.

Kutoka mzaha hadi vita

"Booby" ni mjinga, na "booby trap" katika karne ya 19 ulikuwa utani wa wavulana wa shule: kitu kiliwekwa juu ya mlango ulioachwa wazi kidogo, kimwangukie anayeingia. Vita vya Kwanza vya Dunia viliugeuza utani huo kuwa kilipuzi kilichofichwa ndani ya kitu cha kawaida. Itifaki ya mwaka 1980 kuhusu mabomu ya kutegwa inakataza kukiambatisha kilipuzi cha namna hiyo na vitu vya kuchezea watoto, chakula, dawa, wagonjwa au maiti. Kati ya maneno yote haya, hili ndilo lenye nia mbaya waziwazi.

Kuchagua tafsiri

"Stumbling block", linalopatikana katika Agano Jipya la William Tyndale la mwaka 1526, ni gogo la kujikwaa. Kikwazo chetu, kinachotokana na kukwaa, kinalifaa kabisa. Lakini katika mazungumzo ya amani, kwa mfano, kikwazo huonekana na pande zote. Hakifai kwa "pitfall", ambayo nguvu yake ni kutoonekana.

Mfasiri basi ajiulize mambo matatu: je, kuna aliyeiweka hatari hiyo? Inaonekana? Inachelewesha tu, au inaangamiza? Mwongozo wa mkopo ukiandika "mitego" mahali pa makosa ya kawaida, msomaji ataanza kumtafuta mtegaji ambaye hayupo. Mkataba wenye sharti lililofichwa makusudi ukielezwa kuwa una "changamoto", mtegaji aliyepo atakuwa amefichwa mara ya pili.