Sauti ya Daktari Katika Simu: Je, Kijana Ameridhika?

Kushukuru na kuridhika si jambo moja. Mtu hushukuru kwa kile alichopewa, lakini huridhika pale haja yake inapotimizwa. Ishike tofauti hiyo tunapoitazama historia ya matibabu ya kisukari kwa vijana.

Mwili wa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza hautengenezi insulini. Zamani ugonjwa huo ulikuwa hukumu ya kifo. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alidungwa sindano ya insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Tangu hapo dawa ikawapo. Kilichobaki ni umbali kati ya dawa na mgonjwa.

Nchini Rwanda, umbali huo ulipunguzwa hatua kwa hatua. Chama cha wagonjwa wa kisukari kilianzishwa mwaka 1997. Baadaye mpango wa kimataifa wa Life for a Child ukawapatia vijana insulini na vifaa vya kupimia sukari. Mwaka 2016 kampuni ya Babyl ilileta matibabu kwa simu. Simu ndogo isiyo na intaneti ilitosha: mgonjwa alizungumza na muuguzi au daktari, kisha akapokea maagizo ya dawa kwa ujumbe mfupi. Korona ilipozuia safari mwaka 2020, wengi waliiona thamani ya huduma hiyo. Hata hivyo, mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilianguka, na Babyl ikafungwa.

Mwaka huohuo, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba nyingi wilayani Rubavu. Mfikirie kijana wa Mahoko usiku kama huo. Sauti ya daktari yaweza kumfikia, lakini insulini haisafiri kwa simu. Lazima iwepo katika kituo cha afya kilicho karibu, tena ihifadhiwe mahali penye baridi.

Kwa hiyo, haitoshi kumuuliza kijana kama simu ilipokelewa upesi. Aulizwe: Je, alielezwa kwa lugha anayoielewa? Je, alipata faragha, hasa ikiwa simu ni ya mzazi? Je, dawa aliyoandikiwa aliipata? Akijibu "asante" tu, huenda ameshukuru bila kuridhika.

Ibara ya 21 ya Katiba yetu yampa kila Mnyarwanda haki ya kuwa na afya njema. Mwenye haki hana budi kusema inapopungua, na mikutano ya wananchi, Inteko z'Abaturage, ni mahali pa kusemea. Waswahili husema: mficha uchi hazai.

Zoezi: Andika aya moja ukitumia "shukuru" na "ridhika" kueleza huduma moja ya umma unayoitumia.