Kisiki, Sanamu na Mikono Mitatu

Kisiwani Pulau Tiga, kwenye pwani ya Sabah nchini Malaysia, watu watatu walipandishwa juu ya visiki wakaambiwa kila mmoja aweke kiganja kwenye sanamu ya mti iliyosimamishwa katikati yao. Anayeondoa mkono ametoka. Hapakuwa na sharti jingine. Jua lilikuwa kali, njaa ya zaidi ya wiki tano imewakausha mashavu, na mikono iliendelea kung'ang'ania ule mti saa baada ya saa.

Wa kwanza kuuachia alikuwa Richard Hatch, na aliuachia kwa kutaka. Alikuwa amepiga hesabu zake. Kama angeshinda, angelazimika kumchagua mmoja wa kwenda naye fainali: ama Rudy Boesch, askari mstaafu wa majini mwenye umri wa miaka 72, ambaye wote walimpenda na ambaye bila shaka angemshinda, ama Kelly Wiglesworth, na hapo Rudy angejua kwamba amesalitiwa na rafiki yake. Basi akashuka, akawaachia wawili hao waamue hatima yake. Baada ya saa nne na ushei, Rudy akajigeuza kutafuta nafuu ya mwili, akasahau, mkono ukainuka. Kelly akashinda, akamchagua Richard. Tarehe 23 Agosti 2000, Wamarekani zaidi ya milioni 50 walikaa mbele ya runinga kuona Richard akimshinda Kelly kwa kura 4 dhidi ya 3 na kuondoka na dola milioni moja.

Naanza na kile kisiki kwa sababu shindano la Survivor sasa limefika msimu wa 50, na mashabiki wake wa tangu zamani hawajaacha kuuliza kama halipaswi kurudi lilikotoka. Mimi nasema lirudi. Lakini kabla ya kusema lirudi wapi, ni vyema tukumbuke lilianzaje, maana wengi wanaolililia lile la zamani wanalikumbuka nusu nusu.

Wazo lilikuwa la Mwingereza, Charlie Parsons. Waliolikubali kwanza ni Waswidi, wakalirusha mwaka 1997 kwa jina la Expedition Robinson. Mshiriki wa kwanza kutolewa kwenye shindano hilo alijitoa uhai kabla kipindi hakijaanza kuonekana. Uswidi nzima ikajiuliza kama ni haki kuwakusanya watu kisiwani ili wakataane mbele ya kamera. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo linaloonyesha uzito wa jambo lenyewe. Kura ya watu uliokula na kulala nao si mchezo wa karata. Mark Burnett aliyelipeleka Marekani, na kituo cha CBS kilichokubali kulirusha, walirithi uzito huo: watu 16, siku 39, makabila mawili, na kila baada ya siku chache Baraza la Kabila linakaa usiku, mtu mmoja anazimiwa mwenge wake.

Msimu ule wa kwanza haukuwa wa mabingwa wa mbinu, na hapa nawaomba wenzangu tusidanganyane. Daktari Sean Kenniff alikuwa akipiga kura kwa kufuata alfabeti ya majina. Greg Buis, aliyekuwa miongoni mwa waamuzi saba wa fainali, aliwaambia Richard na Kelly wataje namba kati ya moja na kumi. Richard akasema saba, Kelly akasema tatu, jibu likawa tisa, na kura ya Greg ikaenda kwa Richard. Kwa matokeo ya 4 kwa 3, milioni ile iliamuliwa na kubahatisha namba. Anayesema zamani hakukuwa na bahati nasibu hajautazama ule msimu vizuri. Tofauti ni kwamba bahati ile ilitoka kichwani mwa mtu, na mtu huyo alikaa pale akikutazama usoni.

Kwetu Afrika Mashariki historia hii ina ukurasa ambao wengi wameusahau. Msimu wa tatu ulipigwa picha mwaka 2001 katika Hifadhi ya Shaba, Isiolo, kando ya mto Ewaso Ng'iro. Ndiko alikoishi Joy Adamson na chui wake, na ndiko alikouawa Januari 1980. Watayarishaji waliupa msimu huo jina la Africa, kana kwamba bara zima linaenea ndani ya hifadhi moja ya Kenya, na makabila mawili ya washiriki yakaitwa Samburu na Boran. Wasamburu na Waborana wenyewe wapo, wanachunga mifugo yao kwenye ardhi hiyohiyo. Kugeuza majina yao kuwa vitambaa vya rangi vichwani mwa Wamarekani kuliniudhi, na hata leo naona halikuwa jambo la heshima. Makabila yalipounganishwa, washiriki walijipa jina la Moto Maji. Msemaji wa Kiswahili atauliza: moto na maji, au maji moto? Lakini waliyatafuta maneno yetu wakayatamka, na nikiyasikia bado nafurahi.

Shaba ndiko kulikozaliwa mageuzi ya kwanza makubwa ya kanuni. Kila kabila lilitakiwa kuchagua watu watatu wa kwenda mahali fulani alfajiri, wakidhani wanapelekwa kupeleleza jambo. Walipofika, mwendesha kipindi Jeff Probst akawaambia wabadilishane vitambaa: wa Samburu wawe Boran, wa Boran wawe Samburu. Silas Gaither, kijana aliyeongoza kundi la vijana wa Samburu na kuwabeza watu wazima wa kambi yake, akajikuta upande wa pili pamoja na Frank na Teresa, watu wazima haohao. Wenyeji wao wa Boran wakaamua kushindwa kwa makusudi ili wapate nafasi ya kumtoa. Frank na Teresa hawakumnusuru. 

Tazama jinsi tukio hilo lilivyojengeka. Ilikuwa hila, na ilibuniwa na watayarishaji, lakini mtoto wa miaka saba angeielewa kwa sentensi moja. Iliwachukua watu ikawaweka mbele ya watu wengine, kisha ikawaachia. Yote yaliyomkuta Silas yalitokana na namna alivyoishi na wenzake kwa majuma mawili yaliyotangulia. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: je, kanuni mpya inawalazimisha watu kuzungumza, au inawaondolea haja ya kuzungumza?

Ukikishika kipimo hicho, miaka iliyofuata inasomeka kwa urahisi. Mwaka 2003, kwenye msimu wa Pearl Islands, waliokwisha kutolewa walipewa nafasi ya kurudi mchezoni. Mwaka 2005, Guatemala, ikaja sanamu ya kinga iliyofichwa porini. Anayeiokota anaweza kujiokoa. Sanamu moja haikuwa na ubaya. Ilitia hofu ya aina mpya, na watu walipelelezana nyendo kuliko zamani. Lakini moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa kinga za kurithi, kura za kuiba, kura za ziada. Kufikia 2019 palikuwa na mchezaji, Chris Underwood, aliyetolewa siku ya 8, akakaa pembeni hadi siku ya 35, akarudi na kushinda milioni. Simlaumu yeye, kanuni zilimruhusu. Ila wale waliokaa kambini siku zote hizo wakipatana na kugombana walistahili mchezo ulio bora zaidi.

Tukio ninalolirudia kila mjadala huu unapozuka ni la mwaka 2017. Walibaki sita. Cirie Fields, muuguzi kutoka New Jersey ambaye silaha yake pekee tangu aanze kucheza mwaka 2006 ilikuwa kuwasikiliza watu na kuwashawishi, aliketi barazani. Mmoja alikuwa na kinga ya ushindi wa siku hiyo. Mwingine akatoa sanamu. Mwingine akatoa sanamu mbili, moja yake na moja ya mwenzake. Mwingine akatoa kinga ya kurithi. Zilipohesabiwa, watano wote walikuwa salama, akabaki Cirie. Hakuna hata mmoja aliyeandika jina lake usiku ule. Akatolewa bila kura moja. Wote barazani walisimama, wengine wakilia, naye akaondoka kwa heshima kubwa kuliko ile aliyotendewa. Pale Pulau Tiga, Rudy alitoka kwa mkono wake mwenyewe na kwa uamuzi wa Kelly. Cirie alitolewa na vitu vilivyookotwa.

Kisha ukaja ugonjwa wa Uviko-19. Upigaji picha ulisimama mwaka 2020, na shindano liliporudi mwaka 2021 huko Fiji, siku zilikuwa zimepunguzwa kutoka 39 hadi 26 kwa sababu ya karantini. Kwa wakati ule ilikuwa busara. Karantini ikaisha, siku 26 zikabaki. Waliozikata walijaribu kuzijaza kwa ukali: mchele wa kuanzia hakuna, kabila likishindwa linanyang'anywa jiwe la kuwashia moto, mtu anaokota kinga na mara hiyohiyo anapoteza kura yake hadi atimize masharti ya ajabu. Xander Hastings alitakiwa kutamka mbele ya kila mtu sentensi kuhusu vipepeo kuwa ndugu waliofariki wanaokuja kutusalimia, na kusubiri wenzake wa makabila mengine watamke za kwao. Msimu huohuo, Erika Casupanan alipewa uwezo wa kuvunja kioo cha saa ya mchanga na kuyafuta matokeo ya shindano ambalo wenzake walikuwa wamelitolea jasho na kulishinda. Mshindi kugeuzwa mshindwa baada ya kipenga kupulizwa, hata mpira wa mtaani hauchezwi hivyo.

Watetezi wa mfumo mpya wana hoja, na naziheshimu. Wanasema wachezaji wa leo wamekua wakikitazama kipindi hiki. Ukiwapa mchezo wa mwaka 2000, watu wanne wataungana siku ya pili na msimu utakuwa umekwisha. Kuna ukweli hapo, kwani watu wa Pagong, kabila la Greg, walitafunwa mmoja mmoja na muungano wa Richard bila kuelewa kinachowapata, na jambo hilo haliwezi kutokea tena. Wanasema pia kwamba Fiji ni salama na serikali yake hurejesha sehemu ya gharama za utayarishaji. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu kipindi hakijahama huko tangu 2016.

Lakini dawa ya watu kujua mchezo haikuwa kuwaongezea vitu. Kinachovunja miungano ni muda. Mtu anaweza kuficha chuki kwa siku kumi. Akifika siku ya thelathini, ana njaa, amechoka kusikia kicheko kilekile kila asubuhi, ulimi unamponyoka. Siku 13 zilizokatwa ndizo zilizokuwa zikifanya kazi ambayo sasa inafanywa na karatasi za kinga na za kura za ziada zilizofungwa kwa kamba. Zirudishwe siku 39, uje pia mfuko wa mchele wa kuwafanya wagombane juu ya kipimo cha chakula badala ya kuzimia, ibaki sanamu moja tu iliyofichwa, na makabila yachanganywe mara moja kama kule Shaba. Kwa msimu wa 50 watayarishaji waliwapigisha mashabiki kura kuhusu kanuni za mchezo, na Cirie ni miongoni mwa wachezaji waliorudi. Maana yake wanajua kwamba kuna kilio.

Na kirudishwe pia kitu ambacho hakijadiliwi sana, yaani mahali. Fiji ya leo ni pazia la bahari ya buluu nyuma ya watu. Ungeweza kulibadilisha na jingine na mchezo usitetereke. Shaba ilikuwa mchezaji wa kumi na saba. Maji yalikuwa ya kutafuta na kuchemsha. Siku ya zawadi ilimpeleka Ethan Zohn, aliyekuja kuwa mshindi, hadi hospitali ya Wamba, akacheza kimpira na watoto waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Alipopata fedha zake alishirikiana na wenzake kuanzisha Grassroot Soccer mwaka 2002, shirika lililoanzia Zimbabwe, alikowahi kusakata kandanda, la kufundisha vijana kujikinga kwa kutumia soka.

Na palikuwa na usiku. Kambi zilizungushiwa boma la miiba kwa sababu ya simba, na moto haukuruhusiwa kuzimika, kwa hiyo walipeana zamu za kukesha. Watu waliokuwa wakipanga kutoana kesho yake walikaa bega kwa bega hadi alfajiri, wakichochea kuni, wakisikiliza nje ya miiba, na kwa kuwa usiku ulikuwa mrefu na hakukuwa na chochote cha kuokota gizani, walizungumza.