Nakshi za vitambaa vya Jinja na Mbale

Nakshi za vitambaa vya Jinja na Mbale ni michoro ya mapambo kwenye nguo zilizotengenezwa au kuvaliwa katika miji hiyo miwili ya mashariki mwa Uganda.

Nakshi ya kale haikuchorwa, ilipigwa. Basoga wa eneo la Jinja, sawa na jirani zao Baganda, walitengeneza nguo kwa gome la mti wa mtuba. Gome hubanduliwa, kisha hupondwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji: kwanza mipana, halafu myembamba, mwisho myembamba kabisa. Nyundo ya mwisho ndiyo huiachia nguo mistari yake midogo, hata mtu akadhani imefumwa. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huu kuwa urithi wa wanadamu wote.

Pamba ilibadilisha mambo. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa Jinja mwaka 1954, na umeme wake ukaendesha kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile Industries, maarufu kama Nytil, kilichojengwa Njeru, ng'ambo ya Mto Nile. Mbale nayo ikapata African Textile Mill.

Nakshi za vitambaa vya viwandani huweza kuchapwa kwa rola. Kwenye uchapaji huo, kila rangi huwa na rola yake, na rola ikishazunguka mara moja mchoro huanza upya. Kwa hiyo sehemu ya juu ya mchoro lazima ikutane na ya chini. Mchoraji hodari hukificha kiungo hicho nyuma ya jani. Mpangilio hutofautiana kati ya nguo na nguo: kanga ina pindo, mji na jina, nayo husomwa kama picha moja. Kitenge hakina mwanzo wala mwisho, ndiyo maana hukatwa popote. Uhuru huo una gharama: kwenye gomesi, vazi la wanawake lenye mikunjo kiunoni na mshipi mpana juu yake, ua kubwa huweza kukatika au kufichika.

Nakshi zenyewe zimesafiri mbali. Ile yenye umbo la korosho ilitoka Uajemi na kwenye shali za Kashmir. Waingereza wakaipa jina la Paisley, mji wa Uskoti ulioiga shali hizo. Vitenge vina asili ya batiki ya Java, iliyoigwa na Waholanzi katika karne ya 19. Nta ilipopasuka, rangi ilipenya na kuacha mishipa myembamba. Hiyo ilikuwa kasoro, lakini wanunuzi waliipenda. Leo kwenye vitenge vinavyochapwa bila nta, mishipa ile huchorwa kwa makusudi.