Nani Anamlipia Mwanafunzi? Habari za Mji wa Olomouc

Kijana wa Lubutu akimaliza sekondari huona njia mbili mbele yake. Moja yaelekea Kisangani, nyingine Kindu, na huko kote kuna chuo kikuu. Lakini wako wanaotamani njia ya tatu, ile ya Ulaya. Nao wazee hutuuliza: Je, ni kweli kwamba ziko nchi za Ulaya ambazo maisha yake si ghali, hata mtoto wa mkulima aweza kusoma huko? Nchi moja inayotajwa ni Ucheki. Tumeona vema kujibu swali hilo kwa historia ya mji mmoja wa nchi hiyo, maana historia haina haja ya kumpendeza mtu.

Mji wenyewe

Mji huo ni Olomouc, katika jimbo la Moravia, kando ya mto Morava. Si mji mkubwa. Wakaaji wake ni kama 100,000, na wanafunzi wa chuo kikuu ni zaidi ya 20,000. Maana yake, ukipita sokoni, karibu kila mtu wa tano au wa sita uonaye ni mwanafunzi. Katika uwanja wake mkuu umesimama mnara wa Utatu Mtakatifu, wenye urefu wa meta 35, uliojengwa tangu 1716 hata 1754. Mwaka 1995 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifika Olomouc, akamtangaza kuwa mtakatifu padre Jan Sarkander, aliyeteswa hata kufa katika mji huo mwaka 1620. Padre huyo naye alikuwa amesoma katika shule ya Olomouc.

Shule hiyo ilianzishwa na Mapadre Wayesuiti. Waliitwa mjini mwaka 1566, na mwaka 1573 shule yao ikapewa cheo cha chuo kikuu. Wayesuiti kwa kanuni yao hawakutoza ada ya mafunzo. Lakini mafunzo hayashibishi tumbo. Mwanafunzi ahitaji mkate, kitanda, kuni za baridi na viatu. Hapo ndipo swali letu linapoanza: vitu hivyo, nani anavilipia?

Wageni wa kwanza

Mwaka 1578 Papa Gregori wa Kumi na Tatu alifungua Olomouc nyumba ya vijana waliotoka nchi za kaskazini, kama Sweden, Norway na Denmark. Katika nchi hizo imani ya Kikatoliki ilikuwa imekatazwa, wala hapakuwa na seminari. Basi vijana walisafiri mbali, wakakaa katika mji ambao lugha yake hawakuijua, na gharama zao zikatoka Roma. Kusudi la aliyelipa lilijulikana tangu mwanzo: wasome, kisha warudi kwao wakahudumie watu wao, hata kama kurudi kulikuwa na hatari.

Tazameni, basi. Karibu miaka 450 iliyopita, Olomouc ulikwisha kuwa mji wa wanafunzi wageni wanaosoma kwa fedha za mtu mwingine. Na aliyelipa alikuwa na neno lake.

Mahari ya Theresia

Sasa tuwasimulie habari ya mwanafunzi mmoja maskini kuliko wengi. Mwaka 1822 katika kijiji cha Hynčice alizaliwa mtoto, jina lake Johann Mendel. Baba yake alikuwa mkulima, tena alilazimika kumfanyia bwana wa nchi kazi ya shamba siku kadhaa za juma bila mshahara. Wazee wetu waliolazimishwa kulima pamba na mpunga wakati wa Wabelgiji watafahamu maana yake. Mwaka 1838 baba huyo aliangukiwa na gogo la mti, na tangu siku hiyo hakuwa na nguvu ya kazi. Kijana akajitafutia riziki kwa kuwafundisha wenzake kwa malipo madogo.

Mwaka 1840 alifika Olomouc kusoma falsafa. Hakuwa na rafiki mjini wala mtu wa kumshuhudia, kwa hiyo hakupata watoto wa kufundisha. Wasiwasi wa chakula ukamtia ugonjwa, akarudi nyumbani, akakaa huko muda mrefu. Wangapi miongoni mwa vijana wetu walirudi hivyo hivyo kutoka Kisangani, kwa sababu pesa ya minervali imekwisha!

Ndipo mdogo wake wa kike, Theresia, akamkatia sehemu ya mahari yake. Hapa yafaa tueleze. Kule desturi ilikuwa kinyume cha yetu: jamaa za binti ndio waliompa mali aende nayo kwa mumewe, na binti asiye na mali aliweza kukosa mchumba. Kwa hiyo Theresia hakutoa ziada. Alitoa sehemu ya ndoa yake mwenyewe, ya maisha yake ya mbele, ili kaka yake amalize masomo. Naye akayamaliza mwaka 1843.

Mwaka ule ule, kwa ushuhuda wa mwalimu wake wa fizikia, kijana akapokewa katika monasteri ya Waagustino mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Monasteri ikamlipia masomo tena, hata katika chuo kikuu cha Vienna. Katika bustani ya monasteri hiyo, tangu 1856 hata 1863, alipanda mbaazi za Ulaya maelfu kwa maelfu, akihesabu rangi ya mbegu na umbo lake, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1865 alitangaza jinsi tabia za wazazi zinavyowafikia wana kwa hesabu zisizobadilika. Wataalamu hawakumjali. Alikufa mwaka 1884, na mwaka 1900 tu ndipo ulimwengu ulipotambua kwamba padre huyo alikuwa amefungua mlango wa elimu mpya. Mtu anayechagua leo mbegu bora ya mahindi au ya mpunga anatembea katika njia yake.

Waafrika wanafika

Chuo cha Olomouc kilifungwa mwaka 1860, isipokuwa kitivo cha teolojia, kikafunguliwa tena mwaka 1946 kwa jina la mwanahistoria František Palacký. Baada ya miaka miwili Wakomunisti wakashika serikali ya Chekoslovakia, na mwaka 1950 kitivo cha teolojia kikafungwa. Serikali hiyo iliyowafungia mapadre shule yao ndiyo iliyowafungulia Waafrika mlango. Mambo hayo mawili yatupasa kuyakumbuka pamoja.

Mwaka 1960 nchi kumi na saba za Afrika zilipata uhuru, na Kongo yetu ilikuwa mojawapo. Chuo kikuu cha Lovanium kilikuwa kimeanza mwaka 1954 tu. Thomas Kanza, Mkongo wa kwanza asiye padre kupata digrii ya chuo kikuu, aliipata huko Louvain mwaka 1956. Siku ya uhuru mapadre Wakongo walihesabiwa kwa mamia, lakini Wakongo wenye digrii hawakufika hamsini. Kiu ya masomo ilikuwa kubwa mno.

Mwaka 1961 Chekoslovakia ilifungua mjini Praha Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Jina hilo lilikumbusha tarehe 17 Novemba 1939, siku ambayo Wajerumani wa Hitler walivifunga vyuo vya Wacheki, wakawaua viongozi tisa na kuwapeleka wanafunzi zaidi ya elfu moja katika kambi ya mateso. Wanafunzi wageni walipewa bursa: mafunzo, kitanda, na posho ya kila mwezi. Jaramogi Oginga Odinga wa Kenya alikuwa mmoja wa viongozi waliowatafutia vijana wao nafasi katika nchi hizo za mashariki ya Ulaya.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la kwanza la mwanafunzi huko lilikuwa lugha. Kabla ya udaktari au uhandisi alipaswa kujifunza Kicheki, lugha ambayo jina la kitu hubadilika mwisho wake kwa namna saba. Jembe la pili lilikuwa baridi. La tatu, macho ya watu. Wako Wacheki waliowapokea Waafrika kwa wema wa kweli, na wako waliowatukana njiani. Katika nchi ya Bulgaria, mwezi wa Februari 1963, wanafunzi Waafrika waliandamana mjini Sofia kulalamikia walivyotendewa, na wengi wao wakaiacha nchi ile.

Tena bursa ilikuwa na mwenyewe. Mashariki na Magharibi zilishindana, na kila upande ulitaka kuwavuta wasomi wa nchi mpya. Mwezi wa Septemba 1960 Mobutu aliwafukuza kutoka Léopoldville mabalozi wa Urusi na wa Chekoslovakia. Baadaye kidogo wakuu waliojikusanya Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, waliutazamia msaada wa mashariki. Sisi wa Lubutu tuko katika barabara ya Stanleyville. Kwa hiyo kijana aliyetaka tu kujua dawa za kuponya watu, alipoandika jina lake kuomba bursa, alijikuta ameandikwa katika ugomvi wa wakubwa. Kisha ikaja 1964, na barabara yetu ikapitisha bunduki kuliko vitabu.

Huko Praha nako mambo hayakutulia. Usiku wa kuamkia 21 Agosti 1968 majeshi ya Urusi na wenzake yaliingia kwa vifaru, yakazima matumaini ya Wacheki. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha 17 Novemba kikafungwa. Mlipaji alikuwa amebadili hesabu yake.

Deni lisiloandikwa

Liko deni jingine ambalo halimo katika karatasi ya bursa. Mwaka 1966 alizaliwa Praha mwandishi Tomáš Zmeškal, mama yake Mcheki, baba yake Mkongo. Alikulia huko, akawa mwandishi wa lugha ya Kicheki, na riwaya yake ya kwanza ikapata tuzo ya Umoja wa Ulaya mwaka 2011. Mwaka 2013 alitoa kitabu kingine, kinachosimulia jinsi alivyomtafuta baba yake katika Kongo. Hatumhukumu mtu. Lakini mtu anayevuka bahari huacha wengine upande huu, na akirudi aweza kuacha wengine upande ule. Posho ya mwezi haitoshi kuwalipa hao.

Siku hizi

Serikali ya Wakomunisti ilianguka mwaka 1989, baada ya maandamano ya wanafunzi yaliyoanza tena tarehe 17 Novemba. Tangu 1993 Ucheki ni nchi peke yake. Kitivo cha teolojia cha Olomouc kimefufuka.

Je, ni kweli masomo huko si ghali? Ni kweli, kwa masharti. Katika vyuo vya Serikali, anayesoma kwa Kicheki halipi ada ya mafunzo, hata akiwa mgeni. Anayesoma kwa Kiingereza hulipa. Lakini mwaka wa kujifunza Kicheki una gharama zake, na anayeomba viza hutakiwa kuonyesha fedha za kujitunza. Olomouc ni nafuu kuliko Praha: bweni la wanafunzi hulala watu wawili au watatu chumbani, na mkahawa wa chuo, uitwao menza, hutoa chakula cha moto kwa bei ndogo.

Iko pia njia ya kubadilishana wanafunzi, iitwayo Erasmus. Ilianza mwaka 1987 kwa nchi za Ulaya, na tangu 2015 imevifikia vyuo vya Afrika. Vyuo viwili hupatana, mwanafunzi huenda kwa miezi kadhaa bila kulipa ada huko, hupewa posho, kisha hurudi kumaliza kwao. Maana yake, hawezi kwenda mtu asiye mwanafunzi wa chuo cha hapa kilicho na mapatano hayo. Mlango wa Olomouc, kwa njia hiyo, uko kwanza Kisangani, Kindu au Kinshasa. Anayemwambia mzazi kwamba atamvusha mtoto moja kwa moja kutoka kijijini kwa malipo ya siri, huyo hajui njia, au anaijua akaificha.

Basi, wazazi, kabla ya kuuza mbuzi au shamba la michikichi, ulizeni mambo matatu. Nani analipa? Anataka nini? Na mtoto wetu atakuwa na deni kwa nani? Nchi nafuu ipo. Masomo ya bure hayapo. Yapo yale ambayo mwingine amekwisha kuyalipia.

Na wewe kijana, sikia mwisho wa habari ya Theresia. Aliolewa, akazaa wana watatu. Kaka yake hakusahau ile mahari. Alipopata uwezo aliwasaidia wapwa zake katika masomo, na wawili wao wakawa madaktari. Wema hauozi. Padre Mendel alisifiwa na ulimwengu wote alipokuwa amekwisha kufa, lakini deni la dada yake alilirudisha angali hai.