Herufi Tatu za Tahasusi na Mlango wa Chuo Kikuu

Kijana wa Bonde la Kilombero hujaza fomu ya tahasusi angali kidato cha nne, akiwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Akiandika HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, anakuwa amejifungia njia ya moja kwa moja ya kwenda kusomea shahada ya udaktari, hata kama kwao ni jirani na Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko, kilichoanzishwa Ifakara mwaka 2010. Wanaotoka kidato cha sita hudaiwa ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Sharti hilo siligombi. Ninachouliza ni jinsi uamuzi mzito namna hii ulivyokuja kukaa katika herufi tatu.

Muundo huu ni urithi. Wakati wa ukoloni sekondari zetu zilipimwa kwa mitihani ya Cambridge, na kwa desturi ya Kiingereza mwanafunzi wa kidato cha sita hubobea mapema katika masomo machache. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 ikaanzisha kwa sheria baraza lake, NECTA. Mtunzi wa mitihani alibadilika, desturi ya kubobea mapema ikabaki. Wamarekani wana utaratibu mwingine: tangu miaka ya 1950 mwanafunzi wa sekondari huweza kuchagua mtihani mmoja mmoja wa kiwango cha chuo, na akifaulu vizuri chuo huweza kumhesabia kama kozi aliyokwisha kuisoma. Kule mtihani hufupisha safari. Kwetu haupunguzi hata muhula mmoja. Huamua tu nani aanze safari ipi.

Hata hivyo, palikuwa na wakati ambapo dola ilikataa kuutegemea mtihani peke yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Nia ilikuwa njema: kuvunja majivuno ya usomi na kumpa mfanyakazi nafasi. Lakini mapendekezo nayo yana upendeleo wake, na wasichana ndio waliotangulia kuumia. Idadi yao chuoni ilishuka, hata baada ya miaka michache ikabidi waruhusiwe tena kuingia moja kwa moja. Hatimaye mtihani ulirudi kwenye kiti chake, na tahasusi pamoja nao.

Ifakara yenyewe inajua njia ya tatu. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, iliyoko Basel, alianzisha hapa maabara ndogo, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kikafuata kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini, watu ambao hawakuhitaji shahada ili watibu. Njia hiyo haijafa: aliyefaulu masomo hayo matatu ya sayansi kidato cha nne anaweza kusomea stashahada ya utabibu, na baadaye kuomba shahada. Ni njia ndefu, na wazazi wengi huiona kama adhabu ya walioshindwa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni dharau isiyo na msingi.

Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi 49, jumla zikawa 65. Kwa shule isiyo na maabara wala mwalimu wa Fizikia, wingi huo ni orodha tu. Tena mwongozo wa udahili wa TCU, unaoeleza shahada ipi inadai masomo yapi, huandikwa kwa Kiingereza na humlenga mwombaji wa chuo, yaani mtu aliyekwisha kuimaliza miaka miwili ya tahasusi yake. Maofisa elimu wanaosoma hapa wanaweza kuanza na jambo dogo: kurasa zake chache ziwekwe kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za sekondari zote, kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, kabla fomu hazijajazwa.