Sahihi ya Mkuu na Roho za Abiria

Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walifurika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho karibu na mpaka wa Kabonga. Nyuma yao milima, mbele Ziwa Tanganyika. Barabara ya gari haikuwapo. Waliokolewa na MV Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, kisha Waingereza wakaiopoa na kuirudisha kazini mwaka 1927. Kila safari ya kwenda mjini Kigoma ilichukua watu wapatao 600. Maelfu walingoja zamu ufukoni huku kipindupindu kikiwaandama.

Majini, idadi ya abiria ni suala la kufa na kupona.

Hilo lilidhihirika Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Meli hiyo ilistahili kubeba abiria 430. Orodha ilionyesha 443 katika daraja la kwanza na la pili pekee. Daraja la tatu, walikosongamana wanyonge, halikuwa na orodha yoyote. Maafisa tisa wa Shirika la Reli Tanzania lililoiendesha, nahodha akiwamo, walishtakiwa. Sheria iliwafikia watu kwa majina yao, lakini baada ya mazishi.

Marekani ilijaribu njia nyingine ya uwajibikaji, katika hesabu za kampuni, baada ya kampuni ya Enron kufilisika mwaka 2001. Sheria ya Sarbanes-Oxley ya Julai 2002 inamlazimu mkurugenzi mkuu na mkuu wa fedha kuthibitisha kwa sahihi zao kuwa ripoti za fedha za kampuni yao ni za kweli na kwamba wamekagua udhibiti wa ndani. Anayethibitisha uongo kwa makusudi hukabiliwa na faini ya hadi dola milioni 5 na kifungo cha hadi miaka 20. Inakuwa vigumu kwake kujitetea kwamba walio chini yake hawakumweleza.

Ziwa Victoria halikupata kinga hiyo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya 200. Rais John Magufuli akaivunja bodi ya TEMESA, wakala uliokiendesha. Kwa mara nyingine, uwajibikaji ulikuja nyuma ya majeneza.

Kwa hiyo serikali za Burundi na Tanzania ziwatake wakuu wa kampuni za meli, kuanzia Rumonge hadi Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, wathibitishe kila mwaka kwa sahihi zao kwamba ukaguzi umefanyika na orodha za abiria ni kamili, na sahihi ya uongo iwe kosa la jinai la aliyeitia.